Mkono wa Kwenye Karatasi

Mwanamke wa kwanza wa Kijapani niliyemtazama kwa makini maishani mwangu alikuwa amekunja uso kwa moshi. Alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko, mdomoni kashika mwanzi mrefu, anapuliza moto, na jicho moja limefumbwa kabisa. Kando yake mwenzake anamenya biringanya, wala hana habari. Nilicheka kwa sauti, darasa zima likageuka. Uso ule niliujua. Ni uso wa kila mwanamke wa mtaani kwetu Tanga alfajiri, kuni zikiwa mbichi na watu wanataka chai.

Picha ile ilikuwa nakala ya picha za zamani za Japani, zile zinazochongwa kwenye ubao, zikapakwa wino na kuchapwa kwenye karatasi. Mwalimu wetu alikuwa nazo nyingi, kazibeba ndani ya jalada kubwa la karatasi ngumu. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Toronto, kwenye ukumbi wa jamii chini ya maghorofa ya Flemingdon Park tulikopanga. Mimi nilikuwa nimekwenda kujiandikisha darasa la kompyuta. Lilikuwa limejaa. Mama wa mapokezi akaniambia kuna nafasi Jumamosi asubuhi kwenye darasa la kuchonga picha. Nikamwambia aniandike, kwa sababu hasira zilikuwa zimeshanipanda, na mimi nikishatoka nyumbani sirudi mikono mitupu.

Mwalimu alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mzaliwa wa huko huko Toronto. Wazazi wake ndio waliotoka Japani. Hakuwa na maneno mengi. Alitandaza zile picha mezani akatuacha tutazame, na kila nilipotupa jicho nilimwona mwanamke ana kazi mkononi. Kuna waliokuwa wanapiga vitambaa kwa nyundo za mbao ili vilainike, wawili wawili, wanatazamana kama watwangaji wa kinu kimoja. Kuna waliokuwa wanatandaza nguo iliyofuliwa juu ya mbao ndefu ili ikauke imenyooka. Mmoja ameuma uzi kwa meno. Nguo zao zilikuwa na mikono mipana, na wengi wao walikuwa wameifunga nyuma kwa kamba iliyopita mabegani isije ikawasumbua. Mwalimu alitutajia jina la kamba hiyo kwa Kijapani, likanitoka siku ile ile. Mimi niliiita kibwebwe. Yao inapita mgongoni na yetu inabana kiunoni, lakini ujumbe ni mmoja: aliyejifunga hivyo usimsogelee na porojo.

Nilikuwa na la kulalamika pia. Wanawake wale shingo zao zilikuwa laini mno, na kichwani hakuna hata unywele mmoja uliochomoka. Nilipouliza, mwalimu akasema wengi waliowachora walikuwa wanaume. Nikamwambia inaonekana, maana hakuna anayetoka jasho. Alicheka, na kuanzia siku ile tukapatana. Hata hivyo yule wa moshi nilimwamini. Aliyemchora yule alikuwa amewahi kuingia jikoni, japo mara moja.

Kazi tuliyopewa ilikuwa moja tu kwa msimu mzima: kila mtu achonge mwanamke anayemjua, akiwa kazini. Mwisho wa msimu picha zingetundikwa ukutani pale ukumbini, majirani waje kutazama. Wenzangu walikaa wakiwaza. Mimi sikuwaza. Nilikuwa na mama nyumbani, na mama alikuwa anakauka mbele ya macho yangu.

Mama alikuwa amekuja kutoka Tanga akiwa mzima wa afya. Sandukuni, katikati ya kanga, alikuwa amebeba chuma chake cha vitumbua, kile kikaango kizito chenye vishimo, kwa sababu hakuamini kuwa Wazungu wangekuwa nacho. Mwaka wake wa kwanza kila Ijumaa ghorofa yetu ilinukia iliki. Aliwagawia majirani wote, Mkongo wa mlango wa pili, Mhindi wa Dar wa mwisho wa korido, hata msimamizi wa jengo aliyekuja kulalamikia moshi akaondoka na sahani. Baridi ya pili ndipo kiharusi kilipomkuta. Alikuwa anamimina chai, birika likamtoka, naye akaanguka nyuma yake. Alirudi kutoka hospitali anatembea kwa kuchechemea, akili timamu, ulimi mkali kama zamani, ila mkono wa kulia umening'inia tu. Madaktari walisema hautarudi.

Basi mama akaacha kula na watu.

Asiyetoka kwetu anaweza asielewe. Kwetu mkono wa kushoto una kazi zake, na kazi hizo hazitajwi mezani. Huli nao, hupokei nao, hutoi nao. Ukiwa umeshika mtoto kwa kulia na huna budi, unasema, "Samahani kwa kushoto," na mwenzako anakuachia. Hospitali walimtuma binti mmoja mpole aje nyumbani kumfundisha mama kushika kijiko chenye mpini mnene kwa mkono uliobaki. Mama alimshukuru, akamwombea dua, na mgeni alipotoka kijiko kikaingia kwenye droo. Nilitaka kumlisha mimi. "Kulishwa ni kwa mtoto mchanga na bibi harusi," alisema. "Mie si yeyote katika hao." Alikuwa anakunywa uji kwenye kikombe chumbani kwake, mlango umefungwa. Mbele ya mume wangu, mkwewe, hata chai hakunywa. Mume wangu akirudi kutoka kazini ghalani, mji wa jirani wa Brampton, alikuwa anaita, "Mama, karibu tule," na kutoka chumbani sauti inajibu, "Kuleni baba, mie nimeshiba." Nani ameshiba? Mimi nilikuwa fundi kwenye kiwanda cha kushona nguo, na jioni nilikuwa napunguza magauni ya mama. Niliyapunguza, nikayapunguza tena, mpaka sindano ikanichukiza.

Nilijaribu dini. Nikamwambia mwenye dharura hana kosa, kila shehe atakwambia. Alinitazama kama anamtazama mjinga. "Dhambi najua hakuna. Na haya je?" Nikajaribu methali. Nikamwambia, "Mama, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Akanijibu hapo hapo, "Koleo linauzwa dukani. Mkono unauzwa wapi?" Nikamwambia basi awe anaomba samahani kama wengine, yaishe. Hapo sauti yake ilishuka. "Samahani ni ya mara moja, mwanangu. Unataka niombe samahani kila tonge mpaka nife?"

Niliogopa, nalisema wazi. Niliogopa kwamba mama yangu atakufa kwa njaa Toronto, kwenye nyumba yenye friji iliyojaa, kwa ajili ya adabu.

Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kuchonga nilikwenda chumbani kwake nikaketi chini. Nikamweleza habari za wanawake wa Kijapani, wa moshi na wa biringanya na wa kibwebwe. Alisikiliza. Yule wa moshi alimchekesha mpaka akaniuliza kama walimpa jina. Kisha nikasema nataka kumchonga yeye, anakaanga vitumbua, majirani wamwone.

"Unichore nilivyokuwa," alisema. "Na mkono wangu uwe na kazi. Ukinichora kilema sitakusamehe."

Nikaapa.

Sijawahi kushika kazi kama nilivyoishika ile. Nilimkumbuka barazani kwetu, kwenye kigoda, mguu mmoja umenyooka mbele, kibwebwe kimebana, kiwiko cha kulia juu, upawa umeinama kidogo tu ili rojo litoke kwa uzi mmoja lisimwagike pembeni ya kishimo. Niliukumbuka mkono ule kuliko ninavyoukumbuka wangu. Kwenye basi la asubuhi kuelekea kiwandani, barabara ya Eglinton, nilikuwa nauchora nyuma ya tiketi, vidole, kifundo, kiwiko. Darasani patasi ilinikata mara kadhaa, nikafunga plasta nikaendelea. Mwalimu alikuwa anapita nyuma yangu, ananinolea patasi.

Sasa, kuna utaratibu. Wajapani walikuwa wanachora kwanza kwenye karatasi nyembamba, wanaibandika ubaoni kifudifudi, wanachonga kufuata mistari inayoonekana kwa nyuma. Mwalimu alitufundisha hivyo. Akatuonya kwamba ubao hugeuza, kulia kunakuwa kushoto, na mtu akiandika jina lake litasomeka kinyume. Mmoja wetu akaandika jina kwa majaribio, tukacheka wote. Lakini mimi picha yangu haikuwa na jina wala herufi. Nikajiambia hilo halinihusu, na karatasi nyembamba zile zilikuwa zinanichelewesha, zinajikunja, zinapasuka. Nikachora moja kwa moja juu ya ubao. Mwanamke ni mwanamke, nikasema, akitazama huku au kule.

Jumamosi ya kuchapa ilifika. Nilipaka wino, nikalaza karatasi, nikaisugua mgongo kwa kile kidude cha duara kilichofungwa kwa ganda la mwanzi, polepole, pande zote, kama nilivyofundishwa. Nikaivua kuanzia pembeni. Mama alitokea. Kigoda, mguu, kibwebwe, moshi, jiko. Wenzangu walisogea. Mwalimu aliweka mkono begani kwangu, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia yeyote, akasema ni picha nzuri sana.

Mimi nilikuwa natazama upawa. Ulikuwa kwenye mkono wa kushoto.

"Mkono," nilimwambia mwalimu.

"Mkono umeutendea haki," akajibu. "Unaishi."

Angejuaje? Kwa macho yake palikuwa na mwanamke anakaanga. Kwa macho yangu, na ya kila mama wa Tanga au Unguja au Bujumbura ambaye angesimama mbele ya ukuta ule, palikuwa na mama yangu anagawa chakula kwa mkono wa chooni. Mama aliyeniambia, ukinichora kilema sitakusamehe. Nilikasirika nikataka kuichana. Lakini karatasi ile ilikuwa nzuri mno, na uso ulikuwa wake. Nikaishika kwa pembe mbili isipakike, ubao kwapani, nikapanda nayo nyumbani.

Wino ulikuwa bado mbichi. Nikaitundika bafuni kwenye kamba ya nguo, nyuma ya pazia, nikijua mama hulala mchana. Siku hiyo hakulala. Nikiwa jikoni nilimsikia ananiita, si kwa kelele, kwa ile sauti ya chini ambayo tangu utotoni ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Ndiyo umeona unitundike hivi?"

Nikamweleza. Nikakimbia kuleta ubao, nikauweka mapajani mwake, nikamwonyesha: huu hapa mkono wako wa kulia, mama, mimi nilichonga wa kulia, ni karatasi iliyogeuza. Alipapasa mistari kwa kidole. Alifika kwenye kiwiko, akafika kwenye upawa.

"Kwa hiyo kwenye ubao mie mzima."

"Ndiyo, mama."

"Na hao majirani wataonyeshwa ubao, au karatasi?"

"Karatasi."

Akanirudishia ubao. Akajishika ukutani, akaenda zake chumbani, mlango ukafungwa.

Nilichukua ubao mpya. Kila jioni nikitoka kiwandani nilikaa kwenye meza ya jikoni nikachonga upya, safari hii kwa utaratibu wa Wajapani, karatasi kifudifudi, hata zikipasuka nabandika nyingine. Nilikuwa nimeamua. Mama yangu angetundikwa ukumbini na mkono wake wa kulia, hata kama vidole vyangu vingebaki nusu. Mama alikuwa anapita kwenda bafuni, ananijibu shikamoo, hasemi lingine. Mume wangu alijaribu kunituliza. "Si picha tu?" akasema. Nikamtazama, akaenda kuwasha televisheni.

Kisha theluji ikaanguka usiku kucha, asubuhi mabasi hayapiti, nami nikabaki nyumbani. Mume wangu alikuwa ameshatoka na gari mapema. Niliamshwa na sauti ya chuma kinagonga jiko.

Mama alikuwa amesimama jikoni, amejiegemeza kwenye kabati. Chuma chake cha vitumbua kilikuwa juu ya jiko lisilowashwa. Sijui alikitoaje chini ya sinki, kizito kile, kwa mkono mmoja. Kando yake bakuli la maji. Mbele yake, imeegemezwa kwenye kopo la majani ya chai, ile picha. Alikuwa ameitoa bafuni. Upawa ulikuwa kwenye mkono wake wa kushoto, na alikuwa anachota maji na kuyamimina kwenye vishimo, kimoja baada ya kingine. Jiko lilikuwa limelowa, sakafu imelowa, gauni limelowa.

Hakugeuka. "Njoo utazame," alisema. "Bibi huyu kiwiko chake kiko juu. Mie cha kwangu kinaanguka, ndiyo maana namwaga."

Nikasimama nyuma yake. Akatazama karatasi, akainua kiwiko. Akatazama tena, akageuza kifundo kama kilivyogeuzwa pale. Maji yakatoka kwa uzi mmoja, yakajaza kishimo yakaishia hapo.

"Umeona?" alisema. "Huo ndio ushikaji wangu wenyewe. Umeuchora vizuri, ila upande huu."

Nikaanza kulia. Aliniambia niache upuuzi, nikaloweke mchele.

Siku ile ilikuwa ndefu. Mchele ulilowa mpaka mchana. Nikausaga kwa brenda na tui la kopo, nikatia hamira, sukari na iliki, tukafunika bakuli kwa kanga tukaliweka karibu na kipasha joto. Tukisubiri rojo liumuke, alinyoosha kidole kwenye meza yangu yenye vipande vya mbao. "Hicho unachochonga kiache. Utatundika picha hii hii." Nikamwambia watu watasema. "Watasema nini? Hawajaniona kwa miezi mingapi? Wacha wanione."

Jioni alinipa kanga. "Nifunge." Kibwebwe hakifungwi kwa mkono mmoja. Nikampitishia kiunoni, nikavuta. "Kaza," alisema. Nikakaza. Kiuno kilikuwa chembamba mpaka kanga ilizunguka mara ya ziada, na nilimkazia kwa hasira zote nilizokuwa nazo, si kwake, kwa kila kitu.

Vya kwanza viliharibika. Rojo lilimwagika kwenye jiko likatoa moshi mweusi, nikanyoosha mkono kusaidia. "Ondoa mkono wako." Nikauondoa. Vya pili viliungua chini vikawa vibichi juu, kwa sababu kuvigeuza kwa kijiti kulimshinda. Kijiti kilikuwa kinateleza, naye anakitukana. Alikuwa ametoka jasho, kichwani unywele umechomoka kila upande, na moshi ulipomfika usoni alifumba jicho moja. Nikamwona yule Mjapani, nikauma mdomo nisicheke. Vya tatu viligeuka. Havikuwa vya duara sawasawa, lakini viligeuka.

Mume wangu aliingia kwa kuchelewa, theluji mabegani, barabara ya Brampton ilikuwa imefungwa. Alisimama mlangoni kwa harufu ile. Mama hakukimbilia chumbani. Alikuwa anapanga vitumbua kwenye sahani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Pole na njia."

Kisha akainua sahani kwa mkono wa kushoto, akamnyooshea mkwewe. Mimi nilikuwa nasubiri lile neno, samahani. Mama alikuwa amemtazama usoni.

"Pokea," alisema. "Vitapoa."

Mume wangu alivua glavu zikaanguka chini, akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante mama." Wala hakunitazama. Akavuta kiti. Mama naye akavuta cha kwake, akaketi mezani mbele yetu sote na kibwebwe chake, akachukua kitumbua kimoja kwa mkono ule ule, akauma, akatafuna taratibu.

"Sukari imepungua," alisema, akachukua kingine.